Namna ya Kufunga Mguu

Jumanne, chumba cha chini ya baa, Brno,
katika mtaa ambao tramu ikipita
askari wetu wa risasi hutetemeka
kana kwamba wamesikia jambo tusilolisikia sisi.
Meza ni mlango mkongwe juu ya mapipa mawili ya bia.
Vilima ni kizibo, ukungu ni pamba,
kwani asubuhi ile, miaka mia mbili na ushei iliyopita,
ukungu ulilala kweli, nusu saa tu kwa basi kutoka hapa.

Vratislav, miaka sabini na mitano, hachagui majemadari.
Huchagua mikokoteni ya mkate.
"Majemadari watapatikana," husema.
Askari wake akiuawa, humwinua kwa vidole viwili,
humlaza sandukuni juu ya flana, uso juu.

Kryštof, miaka ishirini kasoro, wake huwafagia kwa kiganja.
Ukipata sita umekufa, ukipata tano umekimbia, basi.
Kawapaka rangi mwenyewe hadi vifungo vya koti,
anajua kikosi kipi kilivaa kola nyekundu na kipi ya waridi,
anajua bunduki ile ilifyatuka mara ngapi kwa dakika.
Anajua yote awezayo kuyajua mtu anayelala vizuri.

Nami niko katikati, kama kawaida yangu.
Mwaka wa tisini na tano, jeshi liliponiita,
mama alimpelekea daktari bata bukini wawili
na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi.
Daktari akausikiliza mgongo wangu — mgongo! —
kwa kipimo cha moyo,
akaandika ugonjwa nisioweza kuutamka hadi leo.
Nikapewa kijitabu cha buluu: hafai.
Miaka tisa baadaye wakaufuta wito kwa wote,
na bata wetu wakawa wamekufa bure.
Tangu hapo nimeongoza vikosi sina hesabu,
na mgongo haujaniuma hata siku moja.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Vratislav alikilalia miezi ishirini na minne,
mpakani, kwenye misitu ya Šumava,
na kunguni wake hajatutajia.
Mara moja tu, bia ya nne, alisema:
kulikuwa na ukanda wa mchanga,
tukiuchana kwa reki kila jioni
ili anayekimbilia upande wa pili aache nyayo.
Asubuhi moja nikaziona. Ndogo. Za mwanamke, au mtoto.
Nikachukua reki.
Kisha akaomba kete; zamu ilikuwa yake.

Leo Kryštof kasema, macho kwenye ramani,
kama mtu anayetaja bei ya viazi:
nimejiandikisha. Jeshi la akiba. Naanza mwezi wa tatu.
Hakuna aliyemwita. Hakuna bata aliyechinjwa.
Nilitaka kumwambia, lakini nini?
Mdomo wangu ulijaa maneno ya mtu mwenye kijitabu.
Nikamngoja mzee amkataze, au amsifu,
nijue niungane na upande upi.

Vratislav akauweka chini mkokoteni wa mkate.
"Vua kiatu."
"Nini?"
"Kiatu. Na soksi."
Akachukua kitambaa tunachofutia brashi,
kina madoa ya buluu na nyekundu,
akakitandaza sakafuni kama barua,
akauweka juu yake mguu mweupe wa kijana, mshazari:
ncha hii juu ya vidole, hii chini ya wayo, vuta, zungusha,
kunjo lisibaki, kunjo moja ni lengelenge, na lengelenge —
hakumalizia.
"Mzee, siku hizi kuna soksi."
"Najua zipo."
Akakifungua. Akaanza upya, taratibu, mguu wa pili.

Tramu ikapita juu yetu.
Wakatetemeka wote, wake, wa kijana, wangu.
Kete zilikuwa bado mkononi mwangu, zina jasho.
Niliziweka mezani bila kuzirusha,
nikainama,
nikaanza kulegeza kamba za kiatu.