Silabi Iliyomezwa

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, nafunga duka,
navua kioo cha jichoni,
naziacha saa za watu zikibishana rafuni,
navuka daraja. Chini, Mto Doubs umevimba
kwa theluji iliyoyeyuka milimani,
na karatasi za muziki zimo kwapani.

Ghorofa ya nne. Lifti hakuna.
Madamu Jacquemard asema ngazi ndizo zoezi la kwanza:
"Ukifika unahema, leo hatuimbi, tunapumua."
Nimekwisha lipa ada ya mwezi mzima
wa kupumua.

Mimi Firmin Vuillemot, fundi saa wa Besançon,
miaka hamsini na minane, baritoni
nzito kama kabati la urithi.
Nilidhani kuimba ni kuijaza nyumba.
Kanisani, Krismasi, nilitikisa vioo,
watu wakanishika mkono: "Firmin, una mapafu!"
Yeye aliponisikia alikwenda kufunga dirisha.
"Hapa," akasema, "hatunadi samaki."

Wimbo wenyewe ni kurasa tatu.
Bustani. Mvua imekatika.
Kiti kimelowa, hakuna aliyekikalia.
Basi. Hafi mtu, halii mtu.
Nikauliza huzuni iko wapi, nipate kuitilia nguvu.
"Iko kwenye kiti," akanijibu.
"Usiikalie."

Majuma matatu hakunipa hata noti.
Maneno tu, matupu, nimesimama kando ya piano
kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa.
Lugha yangu mwenyewe, niliyoinyonya,
ikawa ngeni kinywani, ina kona, ina vizingiti.
"Sauti hiyo usiisukumie puani, huna mafua.
Ipitishe karibu na pua tu,
kama mtu apitaye mlangoni pa jirani
asibishe hodi."

Kisha akaja Aurélien, mwanafunzi wa uuguzi,
vidole vyake vyanukia sabuni ya hospitali,
akaketi, akacheza,
na matone yakaanza kudondoka majanini
kutoka mkono wake wa kushoto.
Mimi ni mtu wa sekunde;
sekunde ikinikosea naipasua tumbo.
Nikamkimbiza, nikamngoja, nikamkanyaga.
"Vuillemot! Muda unaupima kutwa nzima dukani.
Huku njoo uupoteze,
ila kwa adabu."

Na mwisho wa mstari, ile irabu.
Ile ambayo kila siku, sokoni, mezani,
tunaimeza kama kidonge bila maji.
Hapa mtunzi kaipa noti yake,
ndogo, ya chini, peke yake.
"Iweke," akasema, "kama unavyoweka gilasi
usiku, wenzio wamelala."
Nikaiweka: ikagonga.
Nikairudia: ikapotea. "Umeiua."
Nikairudia: "Umeifufua, sasa yapiga kelele."
Mara ya kumi na moja hakusema neno.
Aurélien aliinua uso kutoka kwenye vidole vyake,
na kile kiti kilikuwapo chumbani,
kimelowa,
wala sikukigusa.

Nikarudi kwa miguu. Mvua ya kweli, mabegani.
Nyumbani kitunguu kimo kikaangoni
na mke wangu kanipa mgongo.
Miaka thelathini na mmoja namwita kwa silabi mbili,
pa, pa, kama mtu afungaye droo.
Jina lake lina tatu.
Nikasimama mlangoni, koti likichuruzika,
nikaita: Clémence,
na ile ya mwisho nikaiweka chini
polepole.

Akazima moto. Akageuka.
"Kuna nini? Nani kafa?"
"Hakuna."
Akanitazama kama saa iliyoanza kwenda
bila ya mtu kuitia ufunguo.
"Basi rudia."

Nikarudia. Ikagonga.
Akacheka mpaka akashika meza.
Jumanne si mbali.