Ufunguo Ndani ya Barafu

Mimi ni mtu wa viti.
Vipo ishirini na vitatu, viwili vina miguu ya kuazima,
na kila Ijumaa navipanga katika chumba hiki
kilichokuwa duka la kushona soksi zilizotoboka,
uani, nyuma ya jengo la matofali mekundu, Łódź,
ambako kukinyesha
harufu ya sufu mbichi bado inatoka ukutani.

Jumatano Bogna alikuja kuniomba ufunguo.
Sikuuliza. Hapa hatuulizi sana.
Mwezi uliopita Ireneusz alikaa kabatini saa tano
akitaja majina ya walimu wake wote, hata waliompiga;
na kabla yake wale mapacha wa Zgierz
walimenya kilo arobaini za viazi bila kunena,
kisha wakavivisha tena maganda yake
kwa sindano na uzi.
Supu tuliinywa wiki nzima, tukitema nyuzi.

Leo wamekuja kumi na mmoja.
Nje baridi inauma hadi kwenye meno ya bandia,
ndani kuna hita moja, nayo ina kikohozi.
Bogna yuko katikati, pekupeku juu ya saruji,
amepakata pande la barafu, ukubwa wa mtoto anayeanza kuketi,
na ndani ya barafu, umeelea bila maji,
ufunguo wangu.

"Mlango umefungwa," akasema.
"Tutatoka utakapotoka."
Basi. Hakutia neno tena.

Tone.
Beseni la bati likaitikia.
Tone.

Ilipotimu saa nzima, Bwana Walenty,
aliyeyaacha masikio yake kwenye mashine za kufuma
miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku,
na huja hapa kwa ajili ya chai, hafichi,
aliniinamia akanong'ona kwa sauti ya kiwandani:
"Inaanza lini?"

Mtu akacheka. Kicheko kikakosa pa kukaa, kikazimika.
Kinga, anayesomea uuguzi,
alikuwa akihesabu mapigo kwa macho
kwenye shingo ya Bogna,
midomo yake ikisogea kama ya mtu anayedaiwa.
Kifua cha gauni kimelowa. Vidole vimekuwa rangi ya kitunguu.
Haba na haba, naam,
lakini nani alipima ukubwa wa kibaba?

Ndipo kiti kibovu kikalia.
Walenty amesimama.
Anavua glavu kwa meno,
anaburuta goti lake hadi katikati,
anaweka kiganja juu ya barafu,
kiganja cha vidole vitatu,
viwili vililiwa na kitanda cha mfumi, mwaka hausemi.
Hakumtazama Bogna. Alikuwa kama mtu anayepima homa.
Akaja Kinga. Wakaja mapacha.
Akaja yule mwanamume wa koti la kijani
ambaye hakuna aliyejua kaletwa na nani.
Mikono ikapandana, mvuke ukatoka kati ya vidole,
na chumba kizima kikanuka mbwa aliyenyeshewa.

Ufunguo ukaanguka. Kling, mara moja.

Hakuna aliyeuinamia.

Sasa niseme, maana sikusema:
kitasa kile kilikufa Novemba.
Mlango umeshikwa na karatasi niliyoikunja mara nne;
mtoto angeusukuma kwa nyonga ukafunguka.
Nilimpa Bogna ufunguo usiofungua kitu,
nikakaa nao saa tatu, kumi na mmoja,
na hakuna hata mmoja aliyekwenda kujaribu.
Sijui kama niwaonee huruma au wivu.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hakuwa na dekio langu.
Nilikuwa nadeki, Bogna kafunikwa makoti matano,
anatetemeka, anakula mkate kwa mikono miwili,
Walenty akanigonga bega:
"Ijumaa ijayo nini?"

Nikamwambia kuna mtu atasoma bili za gesi
mpaka sauti imkauke.

Akafikiri. Akavaa glavu yake.
"Mwambie asinunue," alisema.
"Ninazo za tangu mke wangu yu hai."