Sekunde Mia na Kumi na Saba

Gunia limeshuka stesheni na treni ya mizigo,
mpira wa kiwandani, mabonge ya rangi ya ugali wa mtama,
na Mhoja kaegesha gari mlangoni kwetu Isevya:
"Nishushe, nisishushe?"

Zamani ningemwambia arudi Ijumaa.
Myeyusho wa aina tano, mzito hadi mwepesi,
rula, penseli, mstari unaoitafuta sifuri.
Siku hizi naupima mmoja tu
kwa kanuni niliyoibandika ukutani kwa plasta ya kidonda.
Haraka haina baraka, nalijua hilo.
Ila gundi ya soli ina wateja, na Mhoja ana wake.

Oktoba ya Tabora haikioni haya kipimajoto.
Kanuni inataka nyuzi ishirini na tano;
humu ndani ni thelathini na tatu.
Maganga nimemtuma kwa muuza juisi,
karudi na barafu inayonuka ukwaju.

Nimeukata mpira mwembamba kama kachumbari,
nikautikisa ndani ya tolueni mpaka ukapotea.
Haukupotea. Minyororo yake imejikunjua tu.
Iliyo mirefu hushikana, husuasua kwenye mrija;
iliyokatika huteleza,
haina cha kung'ang'ania.

Shangazi Nyanzala, kule Sikonge,
alipima asali kwa kijiti.
Alikiinua, akahesabu kimoyomoyo,
uzi ukikatika kabla ya nne alirudisha ndoo
wala hakumweleza mtu sababu.
Mimi lazima nieleze.

Tolueni peke yake: tisini na nane.
Gunia la Machi, lile zuri: mia na arobaini na moja.
La leo: mia na kumi na saba.
Narudia.
Mia na kumi na saba, nukta mbili.
Umeme unakatika, feni inajizungusha kwa mazoea.
Saa yangu ni ya betri.
Mia na kumi na saba.

"Matone hayo tu," anasema Mhoja,
"ndiyo yamelikataa gunia zima?"
Labda lilianikwa juani, labda lilisagwa kupita kiasi,
sijui. Mrija hautaji mtu.
Unasema: fupi.

Kaondoka bila kuaga, risiti kaisahau mezani.
Naosha vyombo. Mdomoni mwa chupa pamebaki
tone lililoanza kukauka; naligusa, navuta kidole.
Moja.
Mbili.
Ta—