Mstari Mweupe

Fomu ya benki, hapa Tororo, ina mstari: Kazi.
Nikaandika "pointimani", nikafuta.
Nikaandika "zamani", karani akacheka.
Nikauacha mweupe.

Miaka thelathini na minne nilivuta wenzo:
treni ya Malaba huku, ya Mbale kule,
na mimi mwenyewe
sikupanda hata moja.
Sasa saa kumi alfajiri mkono huamka peke yake,
unashika hewa.
Nyafwono hunivuta shuka:
"Lala, baba Obbo. Reli nayo imelala."

Jumanne mlango wa jirani ulilia usiku kucha.
Nilikuwa na kopo la grisi, nusu,
nililoondoka nalo kazini bila kusaini.
Asubuhi nikapaka bawaba, nikausukuma mlango,
nikaurudisha. Kimya.
Mama Nyaketcho hakusema asante.
Alisema, "Na wa choo je?"

Leo nimefikisha milango tisa na geti la kanisa.
Grisi inakwisha.
Fomu ingali mfukoni, imekunjwa mara nne,
imeshika doa la mafuta palepale.
Watoto wa mtaa hawajui jina langu.
Wananiita Mzee Kimya,
wakipiga kelele,
nami naitika.