Kitanda cha Dirishani

Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, saa moja ya asubuhi,
hospitali ya Ibra wananitundika kwenye mashine
kama nguo kwenye kamba.
Damu yangu inatoka, inakwenda matembezini,
inarudi imeoga.

Mkono wa kushoto si wangu, ni wa sindano.
Wa kulia unashika hadithi ya Malkia Mwanashaha,
kurasa mia nne na sitini, jalada limenyonyoka.
Kimekuja ndani ya sanduku la mpwa wangu Nunu
na hadi leo kinanuka achari ya embe.

Kitanda cha dirishani ni cha Bi Shinuna binti Khalfan,
mzaliwa wa Wete, aliyeletwa huku kuolewa.
Kiswahili chake cha Pemba hakijakauka,
ingawa huku kila kitu hukauka.
Msahafu anausoma. Herufi hizi zangu, anasema,
zimesimama kama watu waliokosa viti.

Basi mimi namsomea,
na yeye ananisahihishia malkia.

"Mbona hali huyu? Tangu mwanzo yu juu ya farasi."
"Askari elfu sita! Nani anayewapikia?
Huyo mwandishi wako hajapata kupika wali wa maziko."

Mimi napenda uongo wake, sifichi.
Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa bima,
sikuwahi kutiiwa hata na mashine ya fotokopi.
Namtaka mwanamke anayesema *Ondokeni*
na ukumbi ukabaki mtupu.

Siku Mwanashaha alipouzuia mto kwa neno moja,
maji yakasimama wima mfano wa ukuta,
Bi Shinuna alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele.
"Maji hayatii neno. Maji hutii zamu."
Ndipo akanieleza: mumewe alipofariki
shemeji zake walizitaka zamu zake za falaji,
wakasema mwanamke hawezi kuzikeshea.
Akakesha.
Nyota za kugawia maji alizijua moja moja.
Alikwenda na taa na jembe, akazibua mwenyewe,
miaka kumi na saba, na mitende haikukosa.
"Farasi sikuwa naye," akasema.
"Nilikuwa na punda, tena chongo."

Jumatatu iliyopita nilifika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.
Niliutazama kwanza kwa macho, kimya.
Nikaufunua, nikaupita,
nikaendelea na vita kwa sauti kubwa kidogo.
Kwa sababu ya Wadha, binti yake,
na ile barabara ya Bidiya, Ramadhani ya mwaka juzi.

"Umeruka."
Macho kayafumba.
"Sikuruka, Bi Shinuna."
"Jumamosi alikuwa na binti. Leo anajisuka nywele mwenyewe.
Nani alikuwa akimsuka?"

Sikuwa na jibu la kumpa.
Nikarudi nyuma, nikasoma yote:
moshi, ubao, askari waliovua kofia za chuma,
malkia kasimama mlangoni bila chozi,
maana hivyo ndivyo vitabu vinavyowapenda malkia.
Nesi alikuja kupima presha,
akatuona, akaacha.

"Nani aliyemwosha?"

Nikatafuta mstari kwa mstari.
"Hakikusema."

"Tazama vizuri."

"Hakikusema, Bi Shinuna."

Akaunyoosha mkono wake ulio huru,
kidole kikapapasa ukurasa
hadi pembeni, pale peupe.
"Basi andika hapo. Mama yake.
Kwa maji ya zamu yake mwenyewe."

Nikaazima kalamu ya nesi.
Wino wake ulikuwa wa kijani.