Dakika Tano za Zoraida

Kwanza niseme kosa langu.
Jumapili ile ya ubatizo, watu kumi na mmoja
waliingia zahanati ya Paita nyuso zimeiva kama nyanya,
mioyo ikienda mbio nao wamekaa,
na bibi mmoja akinung'unika kwamba samaki amemuuma ulimi:
pilipili, alisema, na pilipili haikutiwa.
Nikaandika katika mafaili yote kumi na moja: mzio.
Mzio! Ukoo mzima, saa moja, sinia moja.
Kalamu nayo hushikwa na usingizi.

Samaki alitoka kwa Zoraida Querevalú.
Hakuna aliyemlaumu. Pua yake
ilikuwa mahakama ya soko zima;
akimnusa jodari shavuni, akitamka "huyu wa juzi",
hata wenye boti walifunga midomo.
Methali inamjua samaki aliyeoza.
Huyu hakuoza. Jicho linang'aa,
nyama imekaza, harufu ya bahari basi.
Ila alilala juani tangu asubuhi, barafu imepanda bei,
na vijidudu vikampikia ndani kwa ndani
sumu ambayo jiko haliiui,
wala limau, wala sala ya kabla ya kula.

Histamini. Miaka yote nililitaja jina hilo
kama la mtu wa mji mwingine.

Kisha akaja Hermelinda Chunga, mwanafunzi wa kemia,
na boksi la viatu limejaa vipande vya karatasi,
kila kimoja kwa bei ya mkate.
Hapa tone la maji ya samaki. Subiri.
Kwenye hiki kingine, tone la damu ya kidole. Subiri.
Mstari ukibaki, kula.
Mstari ukifutika, ogopa.

Zoraida alicheka hadi mizani ikatikisika.
"Pua yangu ina miaka arobaini.
Karatasi yako ina dakika tano."
"Basi tuipe hizo tano, mama."

Mwari aliiba utumbo mezani, hakufukuzwa.
Dakika ya tatu mstari ulikuwepo, mwembamba kama uzi.
Ya nne, ulikuwa kumbukumbu.
Ya tano Zoraida aliinama juu ya jodari wake
akanusa, akanusa tena,
kama mzazi anayemsikiliza mwanawe
akidanganya kwa mara ya kwanza.

Kreti nzima. Deni la boti. Ada ya mjukuu.
Nilitafuta la kusema, nikakosa.
Karatasi haileti barafu; hilo nalo liandikwe.

Aliwamwaga wote, akawatia mafuta ya taa
asije mwenye njaa akawaokota,
akarudi akijifuta mikono kwenye aproni,
akanyoosha kidole.
"Sasa mimi. Asubuhi nilionja."

Nikamchoma.
Uso wake ulikuwa umekwisha kuiva.
Hasira, au samaki?
Niliifunga kalamu.
Mwari alikuwa amerudi.
Dakika ya kwanza.