Ndoo Tupu

Nilirudi Jumatatu kutoka kwa dada yangu Leeuwarden,
basi limechelewa kwa barafu, vidole vimekufa ganzi.
Nikafungua mlango wa shetri
na pua ikajua kabla yangu:
vitunguu vilivyooza. Si taka, si mfereji.
Gesi.

Wobbe amesimama mbele ya jiko,
birika limejaa, kasha la kiberiti mkononi,
njiti tayari imetoka.
"Umefika," akasema. "Nakupikia kahawa."

Wobbe hana pua. Anayo, kubwa, ya ukoo wao mzima,
lakini homa ya mwaka juzi ilipita humo na ufagio,
ikaondoka na kahawa, na lami, na samaki wa kukaushwa,
na shingo yangu.

Sikupiga kelele. Nilisema,
kwa sauti ya kumwita paka aliye juu ya paa,
"Wobbe. Weka kiberiti mezani. Polepole."
Akakiweka.
Miaka thelathini na minne ya ndoa
sijapata kutiiwa upesi namna ile.

Taa inayowaka iache iwake.
Iliyozimwa usiiguse.
Hata pampu ya ngama, usiiguse: ina cheche moyoni.
Akaenda omo, akaifunga valvu ya mtungi
kwa mikono isiyo na glavu.

Moshi una adabu, hupanda, huaga, hutoka.
Gesi hii hushuka.
Hupenya kati ya mbao, hujilaza ngamani
kama mgeni aliyeapa hataondoka.
Tukafungua madirisha yote, tukang'oa sakafu,
upepo wa Februari ukaingia na kukaa mezani petu.

Kisha tukakumba.
Ndoo ya plastiki inashuka tupu,
inapanda tupu,
Wobbe anaipokea kwa mikono miwili kana kwamba imejaa,
anaimwaga mferejini, ananirudishia.
Ndoo sabini. Yeye anasema themanini.

Hielke wa boti ya jirani akatoka na mbwa wake.
"Mnamwaga nini?"
"Hakuna kitu," alijibu Wobbe,
na hapo ndipo nilipopiga kelele:
"Zima hiyo sigara!"

Alasiri, hewa ilipokuwa hewa tena,
nikakoroga sabuni ya vyombo kikombeni.
Wobbe akafungua valvu kidogo tu,
nami nikapaka kila kiungo kwa brashi ya rangi.
Cha kwanza kimya.
Cha pili kimya.
Nyuma ya jiko, kwenye mpira, penye ufa mwembamba kama unywele,
povu likaanza kujivuta, tone juu ya tone,
kama mate ya mtoto anayejifunza kusema.

Kwenye mpira umepigwa mwaka: 2003.
Mwaka tulionunua boti.
"Ulisema umeubadilisha."
Akayatazama yale mapovu.
"Nilisema nitaubadilisha."
Basi. Kati ya *nita* na *nime*
palikuwa na nafasi ya kutulaza sote wawili,
na Hielke, na mbwa.

Aliukata vipande vitatu kwa kisu cha bustani
asije mtu akaurudisha.
Jumanne akaja fundi, binti anaitwa Jeltje,
na mpira mpya, na saa ya kupimia mgandamizo.
Tulikodolea macho mshale wake dakika kumi.
Haukutikisika. Sijapata kufurahia kitu kisichotokea
kiasi kile.

Usiku Wobbe akaniuliza gizani,
"Ilinukaje?"
Nikamweleza: vitunguu, yai, kibiriti.
Nikamsikia akivuta pumzi ndefu,
mara moja, mara mbili,
kama anayebisha hodi nyumba waliyokwisha kuihama.

Kengele ya gesi tumeifunga chini, karibu na sakafu,
taa yake ya kijani haifumbi jicho.
Haimtoshi.
Kila asubuhi ananiita, njiti mkononi,
"Tjitske, njoo unuse,"
nami naja, povu la mswaki bado mdomoni,
napiga magoti, shavu karibu na mbao,
nangoja kidogo kuliko inavyohitajika,
wakati mwingine zaidi,
kisha namwambia: washa.